Ukiulizwa mtoto wa nani: barua kwa mwanangu anayekwenda kupiga harusi Muscat

Mwanangu,

Shangazi yako kanipigia juzi usiku, hata salamu hajaimaliza, ananiambia kikundi chenu cha taarabu kimeitwa Muscat, Oman, kupiga harusi na kwamba mimi ndiye niliyepangwa kuambiwa mwisho. Sikukasirika. Unadhani nitakukataza, kwa sababu kila uliponitaka nikuhadithie safari yangu ya kule nilikupa habari za chakula na ukubwa wa vitanda vya hoteli, kisha nikanyamaza. Sikukatazi. Nenda. Ila nimeona nikuandikie, maana kwenye simu una tabia ya kunikatiza, na yamo humu ambayo nikiyasema kwa mdomo yatanitoka vibaya.

Sisi tulikwenda 2014. Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe wa taarabu, alikuwa amefariki Aprili ya mwaka uliotangulia, na kila tulikopita kule tukiulizwa habari za maziko yake utadhani sote tulikuwa wajukuu zake. Wewe ulikuwa darasa la pili. Nilikuacha kwa shangazi na ulilia siku ya kuondoka, baadaye nikasikia ulinyamaza mara tu nilipopinda kona.

Wenye shughuli walitaka taarabu ya wanawake watupu. Karamu ya wanawake ya watu wenye nafasi kule haikanyagwi na mwanamume. Hata anayepanga viti, akishamaliza kazi hutolewa. Na vikundi vyetu unavijua, waimbaji wanawake na wapigaji wengi wanaume. Basi tukaokotwa huku na huku: mwenye udi, kile chombo cha nyuzi, kutoka klabu hii, mwenye akodiani kutoka ile, wapigaji wawili wa dumbak na rika, ngoma na tari, waliozoea kidumbaki, taarabu ya mitaani, mimi na fidla yangu. Mwanamke wa kupiga dabulbesi hatukumpata, na hata tungempata, dabulbesi halipandi ndege bila ya vita. Binti wa kinanda ndiye aliyepiga besi kwa mkono wa kushoto usiku mzima, na asubuhi yake alishindwa kushika kikombe.

Tuliletewa orodha ya nyimbo wiki chache kabla. Zote za zamani, nyingine sikuwa nimezisikia tangu marehemu mwalimu wangu alipokuwa hai. Nikajisemea mwenye kulipa anapenda vya kale, basi. Tukazifanyia mazoezi.

Kuhusu fedha sitakuwa na maneno mengi, lakini uyashike. Aliyetupeleka alikuwa mpangaji wa shughuli, mtu wa maneno matamu, sitamtaja. Tulipofika tu akazikusanya pasi zetu zote, eti zisipotee. Nusu ya malipo tulikuwa tumeipata kabla ya safari, na nusu ya pili, tuliyoahidiwa usiku ule ule wa harusi, ilikuja baada ya simu nyingi, imekatwa, tukaambiwa ni gharama za chakula. Chakula chenyewe nitakueleza. Kwa hiyo: pasi yako inakaa na wewe, hata akisema kila kikundi humpa. Makubaliano yaandikwe, na yataje tikiti ya kurudi, anayelipia viza, saa mtakazopiga na malipo ya kila saa inayozidi. Hilo la saa ndilo watu hulisahau. Sisi tuliambiwa tutapiga kwa muda wa saa tatu. Kwa kuhesabu tangu tulipovalishwa mpaka tuliporuhusiwa kuvua, tulikuwa kazini tangu magharibi mpaka karibu na alfajiri.

Sasa ukumbi. Mwanangu, mimi nimepiga harusi za watu wenye uwezo huko Mjini Unguja, na hapa Dar, na Mombasa. Lakini ule ulikuwa mwingine. Hoteli kubwa ukingoni mwa bahari, na tangu mlangoni hadi jukwaa la biharusi njia nzima ilikuwa maua mabichi meupe, kuta mbili za maua. Nilimuuliza mhudumu, binti wa Kifilipino, yanatoka wapi. Akasema Uholanzi, yamekuja kwa ndege jana, na kesho yanatupwa. Kwenye kila meza palikuwa na chetezo, na moshi wa udi na ubani ulikuwa mzito hata mwimbaji wetu akaanza kukohoa kabla hajafungua kinywa. Haluwa ilikuwa kwenye sahani za upana wa sinia. Nyama ile wanayoiita shuwa, inayozikwa kwenye shimo la moto usiku na mchana mpaka iachie mfupa, ililetwa ikiwa nzima nzima. Wanawake waliingia na mabaibui yao, mlangoni wakayavua, na chini yake ndipo ulipoona. Dhahabu ya kichwani, ya kifuani, ya kiunoni. Simu zote zilipitishwa kwa wanawake wawili waliobandika kikaratasi juu ya kamera. Sisi za kwetu zilichukuliwa kabisa, ndiyo maana huna picha hata moja ya mama yako akiwa na gauni lile la kijani.

Na sisi tulikuwa wapi? Chumba nyuma ya jiko, viti vya plastiki, mashine ya kuosha vyombo inanguruma. Shuwa tuliiona ikipita. Tulicholetewa, saa sita ya usiku, ni wali na kuku wa baridi ndani ya visanduku. Kula kabla hujatoka hotelini, na utie tende mfukoni.

Kiyoyozi nikuambie peke yake, kwa sababu wewe ni mpigaji wa kanuni, chombo cha nyuzi cha kulaza mapajani, na kitakutesa kuliko kilivyonitesa mimi. Chombo kilicholelewa kwenye unyevu wa Unguja ukikiingiza kwenye ukumbi uliokaushwa na kupozwa vile, kinageuka. Vigingi vya fidla yangu vilisinyaa vikaanza kuachia. Nikitia nyuzi, nikigeuka kumwangalia mwenye udi, sauti imeshashuka. Aliyeniokoa ni mwenye akodiani, yeye ambaye chombo chake hakijui baridi wala joto: alikuwa na kipande cha chaki ya ubao ndani ya mkoba, kwa sababu mchana ni mwalimu wa skuli. Ukipaka chaki kwenye kigingi kinashika. Wewe nyuzi zako ni zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na kigogo kinachozibeba kimekalia ngozi. Ngozi ile ikikauka hukakamaa na kanuni nzima inapanda. Usiitie nyuzi chumbani ukadhani umemaliza. Omba uingizwe ukumbini mapema, hata kama wapambaji watakununia, uikalishe kanuni jukwaani ikiwa wazi, ipoe pamoja na ukumbi, kisha ndipo utie. Na usikubali isukumwe kwenye tumbo la ndege. Fika kaunta mapema, omba kwa adabu, ng'ang'ania kwa adabu.

Tulifungua kwa bashrafu, kipande cha vyombo bila ya kuimba, kama inavyopasa, na walioisikiliza ni wahudumu. Wenye harusi walikuwa hawajafika hata robo. Tukapiga nyingine. Halafu wakaanza kuingia wasichana, wajukuu wa mwenye shughuli na rafiki zao, na hao hawakuwa na habari na sisi. Walikuja kwa ajili ya muziki wa Ghuba uliokuwa kwa didjei wa kike upande wa pili. Kila tulipopumzika aliupandisha, na wao wakasimama kucheza kwa kutupa nywele kushoto na kulia, nywele ndefu, kwa ustadi kweli, mimi nilipenda. Tukirudi sisi, wanakaa, wanazungumza kwa sauti juu yetu. Mwimbaji wetu lilimuuma. Mimi halikuniuma, na wewe lisikuume. Taarabu hii tunayoiringia ilianza kwa kulipwa na mwenye jumba. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alileta wapigaji kutoka Misri wamburudishe yeye kwenye kasri lake, akampeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kanuni hiyo hiyo uliyonayo mapajani. Siti binti Saad kabla ya kwenda Bombay kurekodi, 1928, alikuwa akiitwa majumbani mwa matajiri, anaimba, wao wanakula. Aliyekualika amenunua saa zako na ustadi wako. Masikio hayamo kwenye bei. Piga sawasawa, uwasikilize wenzako jukwaani, yatosha.

Waliosikiliza walikuwa meza za mbele, na hao ndio ninaotaka kukueleza.

Walikuwa wanawake wazima, wa miaka sabini na kuendelea, kama meza tatu au nne. Walikuja wakakaa bila ya kelele, na ulipoanza wimbo wa kwanza wa ile orodha, nikasikia kitu nyuma ya sauti ya mwimbaji wetu. Wao walikuwa wanaimba. Wote, kila ubeti, midomo haijakosea. Mwimbaji wetu aliruka ubeti mmoja, na kutoka mezani wakamrudishia, "La, bado, wa tatu huo!" kwa Kiswahili cha Mjini kilichonyooka kuliko changu. Hapo ndipo nilipoielewa orodha.

Unajua historia, umesomeshwa, lakini kusomeshwa ni kitu kimoja. Hawa waliondoka Unguja wakiwa wasichana, kwenye Mapinduzi ya 1964 au baada yake kidogo. Wengine walipitia Misri, wengine Uingereza, Dubai. Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 aliwaita Waomani walio nje warudi, na watu wa kwetu waliingia kwa wingi, na kwa kuwa walikuwa wamesoma walipata kazi za maana. Wajukuu zao ndio wale wa kutupa nywele. Kiswahili wanakisikia kwa bibi zao, wanajibu kwa Kiarabu.

Bibi wale wa meza za mbele walianza kutunza. Kwetu unajua mtunzaji anavyokwenda, taratibu, anacheza, noti iko juu watu waione, na pengine maneno ya wimbo yanamwendea mtu aliyekaa kule. Wao hapana. Aliinuka mmoja mmoja, akaja polepole kwa sababu ya magoti, akaweka noti kwenye mkono wa mwimbaji, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili, akarudi. Riyali tano, kumi, ishirini. Na riyali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo piga hesabu. Kwenye wimbo mmoja wa makamu ya hijazi, mpangilio wa sauti wa Kiarabu, nusu yao walikuwa wanalia. Nikapata shida ya kupiga, wallahi. Wasiosikiliza sikuwa nimewaona mzigo. Hawa walikuwa mzigo.

Tulipopumzika, mmoja akaniita kwa kidole. "Wewe wa fidla, njoo." Nikaenda. Akanikalisha kwenye kiti cha mwenziwe, akanishika kidevu kama mtoto. "Mtoto wa nani wewe?"

Swali hili linaulizwa na kila mtu mzima wa Unguja, nawe umelijibu mara nyingi bila ya kufikiri. Nikamwambia baba yangu alikuwa seremala mtaa wa Ng'ambo, pale Mjini. Akasema, "Aa," akaanza kuniuliza ya kwake. Nyumba yao mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, ya ghorofa mbili, mlango wa msumari, ipo? Nilikuwa naijua. Nikamwambia ipo, ukuta wa nyuma umeanguka na mbele imekuwa nyumba ya wageni. Akacheka. Akauliza wanalaza kwa bei gani. Kisha akaniambia kwamba Januari ile ya Mapinduzi walizika watu wa nyumba yao bila ya kuwaosha, na alilisema kwa sauti ile ile aliyoulizia bei. Kisha akataja shamba lao la karafuu.

Mwanangu, upande alioutaja ni ule ule alikopewa babu yako eka zake tatu.

Sijui kama ni shamba lile lile. Mashamba yalikuwa mengi na Serikali ilipoyachukua yaligawiwa watu wengi, eka tatu tatu. Lakini babu yako alizaliwa katika kibanda ndani ya shamba la mtu, upande ule, mama yake akichuma karafuu za mwenye shamba. Muhogo akiruhusiwa kupanda, mnazi hapana, kwa sababu mti wa kudumu ungemfanya aonekane ana haki. Useremala alijifunza akiwa kijana ili atoke pale. Na alipopewa zile eka tatu, alizipenda kuliko watoto wake, wewe mwenyewe umekula mashokishoki yake. Hayo yote yalipita kichwani mwangu nikiwa nimeshikwa kidevu na bibi yule chini ya maua ya Uholanzi.

Sikusema kitu. Nilisema baba yangu alikuwa seremala, na kweli alikuwa. Shangazi yako nilipomhadithia alisema nimemkana baba. Mwenye udi, aliyekuwa karibu akasikia, alisema nimefanya adabu, shughuli ya mtu si mahali pake. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Yule bibi hakuniuliza babu yako alipata wapi shamba. Aliniuliza ya kwao kama ipo, nami nikamjibu kweli. Angeniuliza la pili ningemjibu pia, na nadhani tungeongea, kwa sababu hakuwa mtu wa kuogopa maneno. Alikuwa amechoka na watu wanaomwambia kule kote ni pazuri.

Kabla sijainuka alinitia noti mkononi, mimi, mpiga fidla, jambo ambalo wewe unajua ni nadra. Tunzo ni za mwimbaji. Nikaitia kwenye mfuko wa pamoja maana tulikubaliana hivyo tangu Unguja, na nakushauri mkubaliane hivyo na nyinyi kabla ya kupanda ndege. Kikundi chetu kilibaki na urafiki kwa ajili ya mfuko ule. Nimeona vikundi vingine vikirudi kutoka safari kama hizo haviamkiani.

Akaomba wimbo, haukuwa kwenye orodha. Tuliujua kwa juu juu. Tukaupiga, na wao wakaimba, mwimbaji wetu akawafuata badala ya wao kumfuata yeye, na ulikuwa ndio wimbo wetu bora wa usiku ule ingawa hatukuufanyia mazoezi. Haukumalizika. Katikati ya ubeti taa zikazimwa, didjei akafungulia zafa kwa vipaza sauti vyote, mlango ukafunguliwa na biharusi akaingia. Vigelegele. Saa nane ya usiku hiyo. Hakuna aliyetwambia nyamazeni, tulizamishwa tu. Wasichana wote wakasimama juu ya viti. Meza za mbele nazo zikageuka kumtazama mtoto wao, kama ilivyo haki yao. Biharusi alikuwa mzuri sana, na alikuwa na usingizi.

Kwa hiyo ninachokuombea ni hiki tu. Zile orodha za nyimbo za zamani mkiletewa, na mtaletewa, zifanyieni kazi mpaka beti zote, maana wachache wanaozijua bado wapo na wanapungua. Na ukiitwa mezani, utaulizwa. Wewe una mambo yako zaidi yangu: baba'ko mama yake ni wa Pemba, na wao hadithi yao ya mashamba ni nyingine kabisa, muulize bibi yako huyo kabla hujaondoka, yeye hajapata kuulizwa. Si lazima ujibu nilivyojibu mimi. Ukitaka kumwambia mtu babu yako alikuwa na eka tatu na alizipataje, mwambie, ukiwa umekaa, kwa sauti ya chini, na usiombe radhi wala usijigambe. Ila malizeni kwanza kulipwa.

Kaka yako hapa Dar anakusalimu, anasema umletee haluwa ya zafarani, si ile ya dukani uwanja wa ndege.

Nyuzi za akiba zimo kwenye sanduku chini ya kitanda changu, pamoja na pete za vidole za kupigia kanuni na chaki. Ufunguo anao shangazi. Makubaliano yakija nipigie picha kila ukurasa, na usitie saini mpaka nikujibu. Jioni huwa nina intaneti.

Mama yako